Safu ya Injini Mbili

Miezi kumi na minne nimekuwa mtu wa ghala hapa Thompson,
Manitoba, leseni ya urubani mfukoni, koleo mkononi.
Nimepakia maziwa, nepi, minyororo ya pikipiki za theluji,
jeneza moja, keki moja ya arusi
(siku hiyohiyo, ndege hiyohiyo),
nikafunga mikanda, nikarudi nyuma, nikapunga.
Wengine wakaruka.

Tavish aliuza gari akanunua saa hamsini huko kusini,
akizungukazunguka juu ya mashamba ya ngano
kama mtu anayelipia hewa. Simcheki.
Mimi sikuwa na gari.

Daftari langu la safari lina safu nyingi. Ya injini moja
imefika mia mbili na kumi na mbili.
Ya injini mbili ina mistari saba,
kumi na nukta mbili, yote ya shule, yote ya mkopo,
na chini yake weupe mtupu, hata mama
alipoifungua Krismasi aliuliza kama wino uliniishia.
Waajiri wanataka mia tano.
Hakuna akupaye ya kwanza mpaka umwoneshe ya mwisho.

Leo baridi ni thelathini na nane chini ya sifuri.
Tangu saa kumi alfajiri nazipasha moto,
nimezivika mablanketi kama vichanga wawili,
ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, zisioneane wivu.
Kapteni Verna Bighetty akaja na chai yake,
akatazama anga, akatazama buti zangu, akasema:
"Kiti cha kulia kitupu. Panda."

Tulipeleka viazi Pukatawagan. Ndiko kwao.
Shangazi yake akaja kuchukua gunia,
akaniuliza kwa Kicree jambo ambalo Verna hakulitafsiri,
wakacheka wote wawili, nami nikacheka,
kwa kuwa kucheka hakuhitaji saa.

Kurudi, ndege tupu, futi elfu tano,
maziwa yameganda chini yetu kama sahani zisizooshwa,
akachukua kipande cha boksi akakinga nacho wenzo
nisiuone mkono wake. Nikajua.
Hata hivyo sikujua.

Pua ikageuka kushoto, ghafla, kama farasi aliyeitwa jina.
Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.
Hawakusema aifanyeje ile iliyobaki.

"Mguu," alisema Verna. Hakupaza sauti.
Nikakanyaga kulia, nikakanyaga
mpaka goti likaanza kutetemeka.
"Upi umelala?"
"Wa kushoto."
"Basi maiti iko huko. Usiizike bado. Hakikisha.
Kuna watu wameizima iliyo hai."

Nikauvuta wenzo wa kushoto taratibu.
Mlio uleule, mtetemo uleule.
Ndiyo yenyewe.
"Sasa ilaze ndege kidogo. Siyo huko.
Upande wa iliyo hai."

Nyuzi tano tu, hata chai yake haikumwagika.
Nikamkumbuka mama kule Dauphin, mwaka wa tatu huu,
bado anaweka vikombe viwili mezani.
Kisha nikaacha kumkumbuka, maana mwendo ulishuka
na Verna hapendi mwendo ushuke.

Jioni, ghalani, wino umeganda, nikaipumulia kalamu,
nikaandika: moja na nukta nne.
Jumla kumi na moja na nukta sita.
Zimebaki mia nne themanini na nane na nukta nne.
Verna akatia sahihi bila kuketi,
herufi zake zimelalia kulia.

Usiku, mguu wangu haujaambiwa kwamba tumetua.
Unasukuma godoro, unasukuma,
na kitanda cha kupanga kinakwenda mrama.
Kesho ni ghala tena. Mayai, wamesema.
Yapakiwe kwa upole.